Jinsi ya kuanzisha umoja wa wazazi wa Kiafrika wenye watoto katika jeshi la Marekani

Mzazi aliyezaliwa Goma, Kisumu au Tabora, ambaye mwanawe sasa anavaa sare za jeshi la Marekani, anakosa msaada pande mbili. Jeshi lina huduma nyingi kwa familia, lakini nyingi zimepangwa kwa ajili ya mume, mke na watoto wa askari. Jumuiya zetu za Louisville, Dallas, Minneapolis au Lowell nazo zinajua sana kuchangia harusi na misiba, ila ni chache zenye mtu anayejua nini cha kufanya usiku ule bibi anapougua Bukavu na mjukuu wake yuko melini katikati ya bahari.

Umoja tunaoueleza hapa una kazi moja kubwa: kuhakikisha kwamba kabla dharura haijatokea, jina la mzazi, simu yake na lugha yake vimeshaandikwa mahali panapostahili. Vifurushi, sala na safari za pamoja ni vizuri, lakini kundi lililoanza na hivyo bila makaratasi huja kugundua pengo lake siku mbaya kuliko zote.

Tafuteni familia tano hadi nane

Msianze kwa tangazo la hadharani. Wazazi wengi hawasemi kanisani wala msikitini kwamba mtoto ameingia jeshini. Mwenye ndugu Lamu, Garissa au Mogadishu anajua kwamba habari ya askari wa Marekani katika ukoo inaweza kuwaletea watu wake hatari. Kambi ya Manda Bay, huko huko Lamu, inayotumiwa na askari wa Marekani, ilishambuliwa na Al-Shabaab Januari 2020. Wengine wanaepuka simu za kuombwa fedha, maana nyumbani inaaminika kwamba askari wa Marekani ni tajiri. Mwaka 2025 askari wa cheo cha chini kabisa alikuwa akipata takriban dola 2,300 kwa mwezi kabla ya makato.

Kwa hiyo tafutaneni kwa mdomo: kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, kwaya, darasa la Kiingereza, na kwa familia zilizokuja kwa bahati nasibu ya viza, ambazo watoto wao huandikishwa wakiwa na grinikadi. Mzazi amwambie mzazi mwenzake faraghani. Familia tano zinatosha kuanzia. Zikizidi nane kikao cha kwanza kinageuka mkutano wa hadhara, na mama mwenye hofu halisi hatafungua mdomo.

Amueni lugha mapema. Mtu wa Mombasa na mtu wa Lubumbashi wataelewana kwa Kiswahili bila shida kubwa, lakini baba anayezungumza Lingala au Kirundi tu atakaa kimya mwaka mzima msipomwekea mtu wa kumtafsiria. Msitumie watoto wadogo wa familia kuwa wakalimani katika mambo ya maradhi, kifo au uhamiaji. Mtoto wa miaka 12 hawezi kubeba maneno hayo, na mara nyingi huyapunguza makali ili asimwumize mama yake, ndipo mzazi anaamua jambo akiwa na nusu ya habari.

Kikao cha kwanza

Dakika 90 zinatosha. Maktaba nyingi za umma hutoa chumba bila malipo, na chumba hicho kina faida ya kutokuwa cha dhehebu lolote. Saa itajeni kwa namna zote mbili, "saa nane mchana, yaani 2 PM", la sivyo wageni watafika kwa saa tofauti. Mkikutana kwa video na wazazi walioko nyumbani, kumbukeni kwamba Afrika Mashariki inaitangulia New York kwa saa 7 majira ya joto na saa 8 majira ya baridi, na kwamba Marekani hubadilisha saa zake Machi na Novemba huku Nairobi ikibaki pale pale.

Fanyeni mambo matatu tu: kufahamiana, kukubaliana kanuni ya siri, na kuanza kujaza kadi ya familia. Ubishi kuhusu vita au vyama vya siasa uwekwe nje ya mlango. Pia tunashauri msiwaalike maafisa wa kuandikisha askari. Ni watu wa kazi yao, lakini uwepo wao hubadilisha kikao, na mzazi ambaye mwanawe aliondoka bila kuagana vizuri hatasema lililo moyoni mbele yao.

Chagueni watu watatu. Mratibu hupanga vikao. Mtu wa makaratasi ni yule anayesoma Kiingereza cha fomu bila kubahatisha. Mtu wa zamu huacha simu yake wazi usiku. Zamu ibadilike kila wiki mbili, kwa sababu zamu ya mwezi mzima humchosha mtu, na mtu aliyechoka huzima simu usiku ule ule inapohitajika.

Kadi ya familia

Hiki ndicho kiini, kwa hiyo msikiharakishe. Kila familia ijaze karatasi moja na kuitunza nyumbani kwake, nakala moja kwenye bahasha karibu na mlango, nyingine kwenye simu ya mtu mzima mmoja. Kadi iwe na:

– jina kamili la askari kama lilivyo jeshini, cheo, na tawi la jeshi;
– tarehe yake ya kuzaliwa;
– anwani ya kikosi chake, na kama amepelekwa nje kikazi, anwani ya kikosi cha nyumbani pamoja na ile ya huko aliko;
– jina, lugha na simu ya mzazi, na ya mtu mmoja anayeweza kumtafsiria;
– kwa kila mgonjwa au mzee wa familia aliyeko Afrika: jina, uhusiano wake na askari, hospitali anayotibiwa, jina la daktari, na simu yenye msimbo wa nchi (+255, +254, +243, +256, +257 au +250).

Namba ya Social Security ya askari isiandikwe kwenye kadi wala kutumwa kwa simu. Familia inaweza kuitunza mahali pake, lakini umoja usiishike kamwe.

Kisha kila mzazi amwombe mwanawe afungue fomu yake ya DD 93. Hiyo ni kumbukumbu ya dharura ambayo kila askari hujaza: nani ajulishwe, anakaa wapi, simu yake ni ipi. Hapo ndipo familia zetu hukwama, na sababu tunazijua.

Ya kwanza ni majina. Mama ameandikwa "Mama Furaha", au jina lake la pili limekuwa la ukoo, au herufi za pasipoti na za grinikadi hazifanani. Jina kwenye DD 93 liwe lile lililo kwenye kitambulisho anachotumia mzazi leo. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari; tarehe hiyo ndiyo ibaki kila mahali, hata kama familia inajua ya kweli, maana tarehe mbili tofauti huzaa maswali wakati wa kudai haki.

Ya pili ni simu na anwani. Familia mpya huhama nyumba na kubadilisha laini mara kwa mara, na mtoto alijaza fomu miaka mitatu iliyopita. Wekeni kanuni: anayehama humwambia mwanawe wiki hiyo hiyo, na mtu wa makaratasi huuliza jambo hili kila kikao cha tatu.

Ya tatu ni lugha. Fomu ina nafasi ya maelezo ya ziada. Askari aandike hapo kwamba wazazi wake wanazungumza Kiswahili, pamoja na jina na simu ya mtu mzima wa kuwatafsiria. Sentensi hiyo moja inaweza kumwepusha mzazi kupewa habari nzito kwa lugha asiyoielewa.

Wakati yuko kwenye makaratasi, askari aangalie pia bima ya maisha ya SGLI. Tangu Machi 2023 kiwango chake cha juu ni dola 500,000. Anayemwandika kuwa mpokeaji ni hiari yake yeye askari. Mzazi anaweza kuuliza kama fomu ni ya karibuni, ila asimshinikize kuhusu nani aandikwe.

Nyumbani kumetokea jambo: simu ya Msalaba Mwekundu

Shangazi akipiga simu kutoka Kigoma kwamba baba ni mahututi, silika ya wengi ni kumtumia askari ujumbe wa WhatsApp papo hapo. Mtoto anaupata akiwa zamu, mkuu wake hana uthibitisho wowote, na likizo haitoki. Njia inayofanya kazi ni kupiga Msalaba Mwekundu wa Marekani, 1-877-272-7337, saa 24 kila siku. Wao huthibitisha habari hospitalini au kwa wahusika wa mazishi, kisha hupeleka ujumbe rasmi kwa kikosi. Hawatoi likizo, kamanda ndiye huamua akiwa na ujumbe ule mkononi.

Mpigaji awe na kadi ya familia mbele yake na mtu anayejua Kiingereza kando yake. Panapokwama mara nyingi ni hospitalini: namba iliyotolewa ni ya mapokezi, na anayepokea anakataa kueleza hali ya mgonjwa. Kwa hiyo ndugu aliye wodini amwambie daktari au muuguzi mapema kwamba simu kutoka Marekani itakuja, na atoe ruhusa ya familia. Elezeni pia saa ya huko. "Saa tatu" ya Kigoma ni saa 9 ya Wamarekani, na simu iliyopigwa wakati daktari hayupo huchelewesha ujumbe kwa siku nzima.

Jambo la pili ni undugu. Jeshi linatambua familia ya karibu: wazazi, mume au mke, watoto, ndugu wa tumbo moja. Kwetu baba mdogo ni baba, na mtoto wa mama mkubwa ni kaka. Msidanganye, undugu utaulizwa, na askari ndiye atakayebeba lawama. Kama bibi au mama mkubwa ndiye aliyemlea askari badala ya wazazi wake, semeni hivyo waziwazi tangu simu ya kwanza, kwa kuwa mlezi aliyeshika nafasi ya mzazi anaweza kukubaliwa.

Nauli ya ghafla kwenda Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe humtoa askari kijana jasho. Kabla ya kuchangisha, aulize taasisi ya misaada ya tawi lake: Army Emergency Relief kwa Jeshi la Nchi Kavu, Navy-Marine Corps Relief Society kwa Jeshi la Majini na Marine, Air Force Aid Society kwa Jeshi la Anga. Hutoa mikopo isiyo na riba, wakati mwingine ruzuku, kwa safari za namna hii.

Halafu kuna pasipoti, na hapa siku zinapotea bila sababu. Askari aliyepata uraia wa Marekani mwezi uliopita huenda hana pasipoti ya Marekani bado. Aliyezaliwa Tanzania au Kongo na kuchukua uraia mwingine akiwa mtu mzima ameupoteza ule wa kuzaliwa, kwa hiyo anahitaji viza kwenda kumzika baba yake. Mwenye pasipoti ya Marekani hulipa dola 100 kuingia Tanzania. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, lakini anayesafiri kwa pasipoti ya Marekani peke yake huomba kibali cha kielektroniki kabla ya kupanda ndege. Aliyekuja kama mkimbizi na bado si raia anahitaji hati ya safari ya wakimbizi, ambayo huchukua miezi, na kurudi nchi aliyoikimbia kunaweza kuharibu hadhi yake. Zaidi ya hayo, askari anahitaji idhini ya kikosi kusafiri nje ya Marekani hata akiwa likizoni. Mtu wa makaratasi awe na orodha ya watoto wote wa umoja ambao pasipoti zao hazijakamilika, na aikumbushe kila kikao.

Kundi la WhatsApp na ulinzi wa habari

Mtatumia WhatsApp, hilo halina mjadala. Fungueni makundi mawili: moja la matangazo, ambamo viongozi peke yao huandika, na moja la mazungumzo. Washeni idhini ya admini kwa kila anayetaka kujiunga, na kiungo cha mwaliko kisizunguke kwenye makundi mengine. Kila mwanachama aingizwe na mtu anayemfahamu kwa sura.

Kanuni za habari ni chache na hazina msamaha. Usitaje tarehe ya kuondoka wala kurudi, jina la meli, mji aliko, idadi ya askari, wala njia ya safari. Usiweke stetasi ya "mwanangu anarudi Ijumaa" mpaka awe amekaa sebuleni kwako. Picha za sare zisipelekwe kwa ukoo nyumbani bila askari mwenyewe kukubali, maana picha iliyoingia kundi la familia la watu 200 haina tena mwenyewe. Mwenye kukosea afutiwe ujumbe na apigiwe simu, asiaibishwe kundini.

Fundisheni pia habari za matapeli, kwa sababu wazazi wetu ndio windo lao rahisi. Anayepiga na kusema mwanao amejeruhiwa, tuma fedha za matibabu. Au amepewa likizo lakini inalipiwa. Au kuna kifurushi chake kimezuiwa forodhani: huyo ni mwongo. Askari halipii likizo, na jeshi haliombi familia fedha za matibabu. Mzazi akate simu, ampigie mtu wa zamu.

Miezi ya kuruta

Mafunzo ya awali huchukua wiki 10 katika Jeshi la Nchi Kavu, wiki 7 na nusu katika Jeshi la Anga huko San Antonio, na wiki 13 kwa Marine huko Parris Island au San Diego. Mzazi asiyeandaliwa huumia bure. Simu ya kwanza huwa fupi mno, mtoto anasoma maneno aliyopewa kwa sauti ya kukazana: nimefika salama, usitume chakula, nitaandika. Kisha simu inachukuliwa na kimya kinaanza. Mama anayepokea simu ile bila kuelezwa huamini mtoto yuko matatani.

Mwambieni kabla. Halafu msaidieni kuandika barua, kwa sababu barua ndiyo kamba pekee wiki zile. Anwani inakiliwe neno kwa neno, pamoja na kikosi na platuni. Ikikosewa mstari mmoja, barua huzunguka wiki nzima. Bahasha iwe ya kawaida, isiyo na mapambo wala manukato, na isiwe na chakula. Barua ya Kiswahili inaruhusiwa. Habari za madeni na ugomvi wa ukoo zisubiri.

Kuhusu sherehe ya kuhitimu, ulizeni kikosi masharti ya kuingia getini wiki nne kabla: vitambulisho gani vinakubaliwa, kama wasio raia hujiandikisha mapema, na watu wangapi wanaruhusiwa. Mzazi asiye na makaratasi kamili asiende kwenye geti la kambi kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji.

Vifurushi kwa aliye nje ya nchi

Tumieni sanduku kubwa la bei moja la posta ya Marekani, ambalo lina punguzo kwa anwani za kijeshi za APO na FPO. Andikeni jina, kikosi, sanduku, kisha APO au FPO na herufi zake (AE, AP au AA). Jina la nchi aliko lisiandikwe: ni suala la usalama, na pia linaweza kuupeleka mzigo kwenye posta ya nchi hiyo. Fomu ya forodha inahitajika hata kama mnatuma pilipili tu. Chai, kahawa, binzari ya pilau, korosho na kaukau za ndizi zilizofungwa kiwandani hufika vizuri. Chapati na mandazi huota ukungu njiani, na nyama ya kukausha ya nyumbani hukamatwa. Pombe hairuhusiwi, na nguruwe haingii katika nchi nyingi za Kiislamu.

Fedha

Mwaka wa kwanza kaeni bila mfuko mkubwa. Mchango mdogo wa stempu, chumba na chai, labda dola 10 kwa mwezi kwa kila familia, unatosha. Fedha zisikae kwenye Zelle au Cash App ya mtu mmoja, hata awe mchungaji. Ombeni namba ya mwajiri (EIN) ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ambayo haina malipo, fungueni akaunti kwa jina la umoja, na kila utoaji uwe na sahihi mbili. Mweka hazina asome mapato na matumizi kwa sauti kila miezi mitatu.

Kundi ambalo mapato yake ya kawaida hayazidi dola 5,000 kwa mwaka na linafanya kazi ya hisani si lazima liombe hadhi ya msamaha wa kodi. Mkitaka kupokea misaada ya mashirika, jaza Fomu 1023-EZ, ada dola 275, kwa kundi lenye mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka. Kinachoua vyama vyetu vingi huja baadaye: taarifa fupi ya kila mwaka, 990-N, inasahauliwa. Ikikosekana miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutwa yenyewe.

Ongezeni pia kazi moja isiyogharimu kitu: kuwasaidia wazazi kumkinga mtoto na maombi ya fedha kutoka nyumbani. Mzazi ndiye anayeweza kusema hapana kwa niaba ya askari bila kuvunja undugu. Askari anayemtunza mzazi wake kwa zaidi ya nusu ya matumizi ya mzazi huyo anaweza kuomba mzazi atambuliwe kama tegemezi wake kwa fomu ya DD 137-3. Atunze risiti za kila alichotuma. Mzazi akikubaliwa hupata kitambulisho na duka la kambi, na matibabu katika hospitali ya jeshi nafasi ikiwepo, ila hapati bima ya TRICARE kama apatavyo mke au mume.

Makaratasi ya uhamiaji

Leteni mwanasheria wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kikaoni mara mbili kwa mwaka. Mtu wa "kujaza fomu" asiye na idhini asipewe nafasi ya kuzungumza. Mambo ya kumwuliza ni haya.

Askari mwenye grinikadi anaweza kuomba uraia kupitia utumishi wake bila kusubiri miaka mitano, na ombi lake la N-400 halina ada. Anahitaji fomu ya N-426 iliyothibitishwa na jeshi. Akishakuwa raia na kufikisha miaka 21, anaweza kuwaombea wazazi wake grinikadi bila foleni ya viza. Mzazi aliyeingia Marekani bila kukaguliwa mpakani aulize kuhusu kibali maalumu kwa familia za askari. Aliyeingia kwa viza ikaisha muda yuko kwenye njia nyingine, na wengi wetu ndio hao. Huyu asisafiri nje ya Marekani kabla ya ushauri: aliyezidisha muda kwa zaidi ya siku 180 anaweza kufungiwa miaka 3, na kwa mwaka au zaidi, miaka 10.

Mzazi anayeumia kimya kimya

Wazazi wetu husema "presha imepanda" au "sipati usingizi" kabla hawajasema wana hofu. Mtu wa zamu ajue lugha hiyo. Military OneSource, huduma ya jeshi ya ushauri kwa askari na familia, 800-342-9647, hupokea simu saa 24 na mkalimani huombwa bila malipo. Baadhi ya huduma zake haziwahusu wazazi, lakini maelezo wanapewa. Ikiwa askari anazungumza habari za kujidhuru, piga 988, simu ya kuzuia kujiua, kisha bonyeza 1 kwa ajili ya wanajeshi. Mzazi anaweza kupiga kwa niaba ya mwanawe, na apige siku hiyo hiyo.

Msiba

Zungumzeni jambo hili wakati watoto wote ni wazima, hata kama wengine wataona ni uchuro.

Askari akifariki, jeshi huwajulisha wazazi ana kwa ana: maofisa waliovaa sare hufika mlangoni, kwa kawaida kati ya saa 11 alfajiri na saa 6 usiku. Kifo hakitangazwi kwa WhatsApp, na mwanachama yeyote aliyesikia tetesi afunge mdomo mpaka familia yenyewe iseme. Mtu wa zamu aende na mkalimani mtu mzima, na mmoja wenu aandike kila kinachosemwa, kwa sababu mzazi hatakumbuka hata jina la ofisa. Familia hupewa ofisa maalumu wa kuisaidia. Namba yake iwe kwenye kadi siku hiyo hiyo.

Swali litakaloleta mvutano ni wapi azikwe. Anayeamua si ukoo. Ni mtu mmoja ambaye askari amemtaja kwenye DD 93 kuwa na mamlaka juu ya mwili. Kama ameoa, mara nyingi ni mkewe. Baba wa Bungoma anayetaka mwanawe alale karibu na babu yake hana nguvu kisheria kama jina lake halipo pale. Ndiyo maana askari aulizwe mapema, kwa upole, anataka nini, na jibu lake liandikwe.

Familia za Kiislamu zimwambie ofisa tangu saa ya kwanza kuhusu kuoshwa, sanda na kutotiwa dawa, na ziombe imamu wa jeshi. Uchunguzi wa kitabibu unaweza kuchelewesha mazishi kwa siku kadhaa. Wazee nyumbani waelezwe hilo mapema ili wasidhani mtu ametelekezwa.

Msichangishe kabla ya kumwuliza ofisa nini kimelipiwa. Jeshi hugharimia kuuandaa mwili na kuusafirisha hadi mahali palipochaguliwa, na lina utaratibu wa nauli za wazazi kwenda mazishini. Mchango wenu utahitajika zaidi kwa chakula cha matanga, ndugu wasiolipiwa, na kodi ya nyumba ya mzazi ambaye hatarudi kazini mwezi huo. Fedha za bima na zile dola 100,000 zinazolipwa kwa kifo cha askari ni za waliotajwa. Umoja usizishike, usizikope, wala usipendekeze zitumikeje.

Wageni hupungua baada ya wiki ya tatu, na hapo mpange watu wawili wa kumtembelea mzazi kila wiki kwa miezi sita. Vet Center, yaani vituo vya ushauri vya serikali kwa wanajeshi wa zamani, vilivyoko kila jimbo, hutoa ushauri wa bure kwa wazazi waliofiwa na askari aliyekuwa kazini, na TAPS, shirika la kuwasaidia waliofiwa na askari, hupokea simu saa 24 kwa 800-959-8277. Mzazi mara nyingi hatapiga mwenyewe. Mmoja wenu apange miadi ya kwanza, aulizie mkalimani, ampeleke kwa gari lake, na amsubiri nje.